Uso Ulioanikwa Kwenye Kamba

Nimekisoma chote, dada, tena kurasa za mwisho nimezirudia kwa hasira, kwa hiyo usinambie sijaelewa. Hivyo ndivyo nilivyomjibu dada yangu jikoni kwetu Peckham, huku ughaibuni, wiki ya harusi yake, riwaya nimeishika kama kandambili ninayotaka kumrushia mtu.

Yeye ndiye aliyenipa. Alikuwa amekataa kusingwa. Mama alishaweka kila kitu tayari: liwa, mawaridi makavu, karafuu, marashi, na lile jiwe lake la kusagia alilolileta kutoka Unguja kwenye begi la mkononi, mpaka watu wa uwanja wa ndege wakamweka pembeni wamuulize ni silaha gani. Bibi harusi wa kwetu anakalishwa mkekani katikati ya mashangazi, anasuguliwa mchanganyiko huo, ndiyo singo, toka shingoni mpaka vidole vya miguu, ngozi inabaki laini inanukia. Dada akasema hataki. Akasema, kwa Kiingereza chake kile cha chuo kikuu, kwamba amechoka na akina mama wanaowatengeneza mabinti zao kama mapambo ya sebuleni. "Soma hiki," akanambia, "utanielewa."

Nikasoma. Mie shule niliiacha mapema, vitabu nimejifundisha mwenyewe ndani ya basi nikienda saluni ninakosuka nywele, na kitabu kikinikolea napitiliza kituo. Hiki nilipitiliza. Ndani yake mama mmoja kila asubuhi anauvua uso wa binti yake kama unavyovua soksi, anaufua kwenye beseni, anaunyoosha pua, anauanika kwenye kamba juu ya bafu. Binti anakunywa chai hana uso, anasubiri ukauke. Siku ya mvua haukukauka, akaenda nao shule mbichi, ukamteleza darasani. Nilicheka peke yangu mpaka bwana mmoja akahama kiti. Mwandishi yule ana kipaji, na atakayebisha aje tuonane. Kuna mahali binti anaugusa uso wake pale kambani, anaukuta bado una joto la mikono ya mama yake. Nilifunga kitabu nikatazama dirishani.

Halafu mwandishi akaharibu. Mwishoni mama anageuka poda, upepo unampeperusha, binti anacheka, basi. Kitabu kizima yule mama hakupewa hata sentensi moja ya kujieleza!

"Ndiyo maana yake," dada akasema. "Yule si mtu. Ni kioo."

"Kioo kinafua uso kwenye beseni? Kioo kina mikono?"

"Unapiga kelele."

"Napiga, ndiyo! Mtu akitukaniwa mama yake anong'one?"

"Nani kamtukana mama hapa?"

Mama mwenyewe akaingia, bado yuko na sare ya kazi. Anatunza wazee majumbani kwao, anawaosha, anawavisha.

"Mnagombania nini nyie? Nimewasikia toka kwenye lifti."

Nikamsimulia. Nilipofika kwenye uso unaoanikwa akacheka mpaka akakaa na viatu vyake. "Kwa hali ya hewa ya hapa? Ungeota ukungu!" Alipomaliza kujifuta machozi akauliza, "Na huyo mama, yeye nani alimsinga?"

"Haikuandikwa," dada akajibu.

"Ahaa."

Akanyanyuka, akalichukua jiwe lake, akaanza kulifunga kwenye taulo. "Mwili wako, mwanangu. Sikulazimishi." Kisha akasema, kama anayezungumza na taulo: "Mie kutwa nasugua migongo ya watu na glavu. Nilitaka wako niusugue kwa mkono mtupu, kabla hujenda kwako."

Dada akanitazama. Mie nikakiweka kitabu mezani.

"Bila mashangazi," akasema dada, kwa Kiswahili. "Na mtu asinambie habari za kung'ara."

"Na udi?" mama akauliza.

"Udi sawa."

Nikapanda kiti, nikakivisha king'ora cha moshi kofia ya kuogea, maana kile ukifukiza udi tu kinaamsha jengo zima. Mama akasaga liwa. Dada akakaa mkekani na kanga yake, mabega kayakaza kama yuko kwa daktari wa meno. Mama akaanzia shingoni, akashuka mgongoni, na mabega yale yakaanza kulegea. Kwenye goti dada ana kovu, alianguka na baiskeli hapo chini uani tulipokuwa wadogo. Nikakodoa macho. Nilijua sasa mama atalikazania lifutike. Mama akapunguza mkono, akalizunguka kwa kidole taratibu, akaliacha kama lilivyo.

"Mama," dada akasema, macho kayafumba, "wewe nani alikusinga?"

"Hapana mtu. Niliolewa huku huku. Mama yangu alikuwa Unguja, alinipigia simu tu."

Dada akafumbua macho. Akachota singo kwenye bakuli, akaushika mkono wa mama, ule wa glavu za kutwa, akaanza kuusugua. Hajui kusinga hata kidogo, singo yote ilimwagika mkekani. Mama akamwachia tu.

Kitabu kile nimekiweka kabatini na sikigawi, kile kipande cha uso kambani nakipenda mpaka leo. Lakini wewe uliyeshangilia yule mama alipogeuka poda, wako umeshamuuliza yeye nani alimsinga?