Skipa Bakari na ule mamba wa Tana

Mpaka saa hii siamini. Skipa Bakari ametutoka jana asubuhi, nyumbani kwake Lamu, na mimi niko huku Garissa nimeshika simu kama mtu aliyepigwa kofi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nimesoma comments zenu zote. Asanteni. Lakini wewe uliyeandika "pole kwa skipa wetu mwoga wa mamba", na nyinyi mliocheka chini yake, hebu ngojeni. Leo mimi mzee Abdi nitasema.

Wengi mnamjua Bakari wa boti: mitungi ya hewa, wageni wenye miwani ya kuzamia, kasa na papa shilingi kule visiwani. Mimi nilimjua akiwa hana hata bahari.

Ilikuwa vita vya shifta, serikali na waasi wa Kisomali, mwaka wa sitini na sita. Alikuja kwa lori la papa mkavu. Papa mkavu, Garissa! Nani angekula? Tuliziba pua. Alisema atakaa wiki moja. Barabara ikafungwa, akabaki nasi ndani ya seng'enge tuliyozungushiwa na askari.

Tulihesabiwa asubuhi, tukahesabiwa jioni. Kwenda kuchota maji, pasi. Kwenda kuzika, pasi. Yeye alikuwa Mbajuni wa visiwa vya karibu na mpaka, na alipoomba pasi ya kurudi kwao, ofisini wakamtaka barua ya chifu wake. Chifu gani? Kijiji chao kilikuwa kimehamwa, watu wamekimbia. Habari iliyomfikia ilikuwa moja tu: mama yake yuko Lamu, mgonjwa, anamuulizia kila siku.

Mtu wa maji, na maji yenyewe tunapimiwa kwa debe! Alasiri alikuwa analala chali mchangani, anafunga pumzi, kisha ananipeleka dive. "Sasa tuko chini, Abdi. Kulia kwako kuna kasa, usimguse." Mimi nauliza, "Na baba yuko wapi?" Anacheka mpaka anakohoa. Ulimi wangu wa Kisomali haukuweza kusema papa.

Halafu pampu ya mji ikaziba. Bomba la mtoni lilikuwa limejaa matawi na matope, na hakuna aliyetaka kuingia Tana na mamba wale. Bakari akamwendea ofisa, bwana mmoja wa bara.

"Afande, mimi mzamiaji. Nikizibua, nipe pasi ya Lamu."

"Ukizibua, nitaiandika hapo hapo mtoni."

Akanichagua mimi nishike kamba. "Nikiwa kazini kamba itatingishika, usijali. Vuta nikikupa mivuto mitatu. Umesikia, walaal, ndugu yangu?" Nikasema nimesikia.

Sasa, mimi ni mtoto wa visima vya Tarbaj. Kisimani, aliye chini akishajaza ndoo hutingisha kamba, na wa juu anavuta papo hapo. Ukichelewa unatukaniwa ukoo mzima. Kazi hiyo niliifanya tangu sijaota ndevu.

Bakari akazama. Maji mazito kama chai ya maziwa, huoni kitu. Kamba ikatingishika. Wallahi, mikono yangu ilivuta kabla akili haijafika. Wenzangu wawili nyuma yangu, watu wa visima vilevile, wakavuta nao.

Akatoka kinyumenyume, matawi mkononi, mdomo wazi. Alikuwa ameshaanza kuzibua! Ofisa akauliza, "Nani amesema avutwe?"

Jamani. Wiki ile ile mwenzetu mmoja alikuwa amechukuliwa kwa sababu ya bomba lililovunjika. Ilisemwa anasaidia shifta. Hakurudi. Na mimi Msomali nimesimama pale, kamba iko mkononi.

"Mimi, afande," Bakari akasema. "Nimeona mamba, nikaogopa."

Ukingo mzima ukaangua kicheko. Ofisa akairudisha karatasi ya pasi mfukoni. "Mzamiaji gani huyu!" Na mtu aliyekwisha kusema ameogopa mamba ataombaje kurudi majini? Bakari akakaa nasi zaidi ya mwaka.

Mama yake alizikwa yeye akiwa kwenye mstari wa kuhesabiwa. Habari ilifika wiki tatu baadaye. Nilitaka kwenda kusema ukweli ofisini, akanikamata shati. "Nyamaza, Abdi. Mama hatarudi, na wewe watakuchukua." Sikwenda.

Vita vilipokwisha akaenda kwao, akahangaika mpaka akapata boti, akaniita kazini. Miaka mingi nilikuwa crew wake. Kila briefing aliwaambia wageni, "Mimi nilimkimbia mamba Garissa, kwa hiyo ukiogopa sema tu, hapa hakuna aibu." Wageni wanacheka, mabega yanalegea. Mimi nimeinamia mitungi, uso unawaka moto.

Siku moja mama mmoja mgeni alipanda kutoka majini akilia kwa furaha, ameogelea na papa shilingi mrefu kuliko boti yetu. Wote tukapiga makofi. Ilikuwa siku nzuri sana. Nikasema leo jioni nitawaambia. Jioni ikafika, nikaosha boti, nikaenda kulala.

Shifta imekwisha zamani, hakuna wa kunichukua. Nilinyamaza kwa aibu tu. Kila mwaka nilisema nitasema, na kila mwaka nikamwacha abebe jina langu. Sasa nasema, naye hawezi tena kunisikia, na hilo linaniuma kuliko msiba wenyewe.

Basi futeni hizo comments. Siku ile hakuna mamba aliyemtokea. Bakari hakuogopa. Niliyeogopa ni mimi.

Kaka Bakari, nenda. Hakuna wa kukuhesabu tena wala wa kukudai pasi. Lala salama, ndugu yangu. Na ukimkuta mama yako, mwambie aliyekuchelewesha ni Abdi.