Majoho ya Kwaya Yanayofungwa Mgongoni

Nimeamua kusema mwenyewe, maana nimechoka kusikia habari zangu zikisimuliwa na watu ambao hata siku hiyo hawakuwepo, na kila mmoja anaongeza chumvi yake, juzi hapo Katandala nimemkuta mama simjui hanijui anasema eti nilizimia. Sikuzimia. Ningezimia ingekuwa afadhali. Mimi ni Mama Kalolo, mwalimu wa kwaya wa usharika wetu wa Presbiteri kule Mollo, na aibu niliyoipata mbele ya wageni wa ng'ambo mpaka leo nikiikumbuka peke yangu jikoni najifunika uso na kanga.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, sabuni imerudi madukani, na pale sokoni Sumbawanga mitumba imeingia kwa marobota, watu tuliokuwa tumezoea kuvaa viraka tukawa tunachagua rangi. Sisi Wapresbiteri huku Ufipa ni wachache (jirani zangu wote Wakatoliki, wakipiga kengele yao hata sisi tunaamka), lakini tulikuwa na rafiki mmoja mkubwa, kanisa la Presbiteri la kule Uskoti. Mchungaji wetu alikuwa ametueleza wanavyofanya: kila usharika kule unachagua kazi moja ya misheni, unaiombea kila Jumapili, akina mama wanafuma sweta na kuoka keki wanauza, kinachopatikana kinakwenda kwenye kamati yao ya misheni, na kamati ndiyo inayoamua nani atumwe na atumwe wapi. Ila haimtumi mtu gizani. Kwanza inakuja kuangalia.

Na sisi tulikuwa tunaangaliwa kwa sababu ya nesi. Zahanati tulikuwa tumeshaijenga, tofali tumezichoma wenyewe, bati limeezekwa, kitanda kimechongwa, na ndani hamna mtu. Mama Nswima, yule mwenye sauti ya juu kuliko wote kwenye kwaya yangu, alijifungulia juu ya mkokoteni wa ng'ombe akipelekwa mjini, na mtoto hakulia. Hilo hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Tulichokuwa tunakiomba ni mtu mmoja tu mwenye ujuzi akae pale ndani.

Basi wageni wanakuja, kwaya inataka sare. Wenzangu wakasema tushone vitenge. Mimi nikasema hapana, vitenge kila mtu anavyo, niachieni mimi. (Hayo maneno mawili, niachieni mimi, ndiyo yaliyoniua.)

Nikaenda sokoni peke yangu, na kwenye meza ya bwana mmoja wa mitumba mwenye maneno mengi nikayaona: majoho, rundo zima, rangi ya samawati kama anga la asubuhi, yote yanafanana, bado mapya. Nikajua Mungu ameyatuma.

"Mama umeona mbali," akaniambia. "Haya ni ya kwaya kabisa, yametoka Ulaya."

"Mbona mgongoni yako wazi?"

"Kule waimbaji wanatoa jasho, mama. Lazima hewa ipite. Unaona kamba? Unafunga nyuma, mambo poa."

"Na haya maandishi kifuani?"

"Jina la kanisa lao."

Nikaridhika. Tena nikajiona mjanja, kwa sababu nilisema jina la kanisa la watu wengine haliwezi kukaa kifuani petu, nikakata kitambaa chekundu nikashona msalaba juu ya yale maandishi, kila joho msalaba wake mwekundu. Mchungaji hakuyaona, alikuwa amekwenda Mbeya kuwapokea wageni. Aliyeyaona ni Mzee Kapufi, mzee wa kanisa na mwimbaji wetu wa besi, akaligeuza lake mbele na nyuma.

"Mama Kalolo, hili joho mgongo wake umebaki wapi?"

"Baba, huo ndio mtindo."

"Mtindo," akasema, akalivaa juu ya koti lake.

Siku yenyewe baridi ya mwezi wa saba, ile ya upepo, mnaijua. Sketi yangu ikawa inachungulia chini ya joho, haipendezi, nikaivua, nikabaki na gagulo. Sasa gagulo lenyewe (nisikilizeni vizuri hapa) nililishona enzi za uhaba kwa mifuko ya unga wa ngano wa msaada, kitambaa kizito cha pamba, joto lake zuri mno, isipokuwa maandishi yalikuwa yamekataa kutoka hata kwa kuchemshwa na majivu, maandishi makubwa mekundu ya Kiingereza ambayo nchi nzima ilikuwa inajua maana yake: hiki ni chakula cha msaada, hakiruhusiwi kuuzwa. Nikajisemea, nani ataliona, si joho lipo juu.

Gari likafika na vumbi lake. Kwaya tumejipanga huku na huku njiani tunaimba, wageni wanapita katikati, mbele mwenyekiti wa kamati, mzee mrefu mwenye nyusi nyeupe, nyuma yake mama mmoja mnene wa wastani, uso mwekundu kwa jua. Huyo ndiye nesi waliyefikiria kumtuma kwetu, jina lake Ishibel, sisi tukamwita Ishibeli. Akatuangalia, akaangalia misalaba, akaweka mkono mdomoni. Machozi yakamtoka. Nikajua ameguswa, nikapandisha sauti. Mchungaji naye nikamwona ametoa macho, nikadhani ni uchovu wa safari.

Kanisani tusingeenea, kwa hiyo ibada ilikuwa uwanjani mbele ya zahanati, wageni kwenye viti, watu kwenye nyasi, kwaya imewaelekea. Na mwalimu wa kwaya anasimama wapi? Anawaelekea waimbaji wake. Maana yake wageni nimewapa mgongo.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili nikasikia baridi imenipanda kiunoni, sikujali, Ufipa baridi ni ya kawaida. Kumbe kamba imefunguka na upepo umelipeperusha joho kama pazia. Besi ya Mzee Kapufi ikakatika. Akina mama wa sauti ya pili wakaanza kuinamisha vichwa, mabega yanawatetemeka, mimi nikadhani wamesahau maneno, nikainua mikono juu zaidi kuwatia moyo (na kila nikiinua mikono, joho linazidi kufunguka). Mama Nswima, Mungu ambariki, akaingiza Kifipa katikati ya wimbo, kwa sauti ileile ya wimbo, ili wageni wasielewe, akiimba kwamba mama geuka, mama gagulo, mama unasomeka. Nikamkodolea macho, nikaona anaharibu ubeti. Mpaka mtoto mmoja kwenye nyasi akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama darasani.

Nikapeleka mkono nyuma. Nikakuta unga wa msaada.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nakumbuka mlango wa zahanati, na mimi nimekaa kwenye kile kitanda kitupu nikilia, nikisema nimewakosesha watu nesi, wenzangu wametoa jasho wamejenga, na mimi kwa kiburi cha kutaka kupendeza nimeharibu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Ishibeli. Akanishika mabega, akanigeuza taratibu, akazifunga zile kamba, ya shingoni, ya kiunoni, haraka haraka bila hata kuangalia, kama mtu anayefunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Mchungaji alikuwa amesimama nje ya mlango, kwa adabu ametazama pembeni, akawa anatafsiri.

"Anasema nguo hizi amewafunga watu maisha yake yote ya kazi. Anasema huvaliwa na wagonjwa hospitalini, wanaokwenda kupasuliwa."

"Wagonjwa!" nikasema. "Mchungaji, tumevaa nguo za wagonjwa?"

"Tena umewawekea na msalaba mwekundu, Mama Kalolo."

Nikataka ardhi inimeze. Ishibeli akasema neno jingine, sauti yake imebadilika.

"Anasema kila aliyemwona ndani ya nguo hii alikuwa na hofu. Hajawahi kumwona mtu ameivaa anaimba. Ndiyo maana alilia pale njiani."

Kisha tukacheka. Alianza yeye, alijaribu kujizuia akashindwa, nami nikafuata, tukashikana tukacheka mpaka Mchungaji nje akasahau adabu. Tulipotulia akaanza kuangalia chumba, akapitisha kiganja ukutani, akabonyeza godoro letu la majani, akauliza ni nani aliyejenga. Nikamwambia ni sisi. Akauliza mbona kitanda kipo na mgonjwa hayupo. Nikamweleza habari za mkokoteni. Mchungaji alipofika kwenye mtoto ambaye hakulia, Ishibeli aliketi karibu yangu, akabaki ameushika mkono wangu.

Tukatoka pamoja. Nilipotokea watu wakapiga vigelegele (vya kunicheka, lakini vigelegele). Mwenyekiti akasimama akasema kamati yao inaweza kumlipa mtu na kumletea dawa, lakini haiwezi kumfanya mtu aishi mahali, hilo ni la wenyeji, sasa wenyeji mna nini cha kumpa? Wazee wa kanisa wakatazamana. Mzee Kapufi akasimama, joho juu ya koti.

"Nyumba tutajenga. Chakula tunalima, hatalala njaa. Lugha tutamfundisha sisi. Na akiwa na huzuni," akanigeukia, "huyu mama yupo."

Ishibeli hakusubiri kutafsiriwa, alicheka watu walipocheka.

Mvua zilipokwisha mwaka uliofuata alirudi, na masanduku yake, na shikamoo yake aliyokuwa anampa kila mtu hadi watoto wachanga. Alikaa nasi miaka mingi. Mama Nswima alijifungulia pale, wa kike, alilia mpaka tukamsikia tukiwa shambani.

Mchungaji alipokwenda kuwatembelea wenzetu kule Uskoti, aliporudi akatuambia picha ya kwaya yetu, waliyoipiga wageni siku ile, wameitundika mahali wanapokutana kuombea misheni, na akina mama wanaofuma sweta wanatutaja kwa majina. Nikamvuta pembeni nikamuuliza imepigwa kwa mbele au kwa nyuma. Akakohoa, akaniuliza habari za mahindi.

Basi mimi nimeshaapa. Sare ikihitajika naita wanawake wote, tunakaa, tunabishana, hata jua lizame. Neno "niachieni mimi" halitoki tena kinywani mwangu. Na kwaya ninaifundisha bado, ila siku hizi nasimama kiubavu, na kabla sijainua mikono namwambia Mama Nswima anizunguke mara moja.