Ukuta Uliotoka Jasho

Huyu ndiye Timazi, mwashi, mtoto wa mwashi aliyeinua kuta za shule yetu bila msimamizi, mjukuu wa mchonga mawe aliyepoteza vidole viwili darajani na daraja akalimaliza. Jina hilo, la uzi wenye kitako unaopimia kama ukuta umesimama wima, alipewa na mafundi wenzake, kwa kuwa ukuta wake haukuinama hata unywele. Alimwoa mdogo wangu, kwa hiyo ninayoyaandika sikusimuliwa.

Mdogo wangu alikuwa mgonjwa wa kifua. Nyumba yao ya mawe, kazi ya Timazi mwenyewe, ilishika baridi na unyevu kama mtungi. Daktari alisema bila kuficha: apate chumba kikavu chenye joto kabla ya miezi ya baridi, la sivyo mapafu hayatahimili. Zilibaki wiki sita.

Timazi akaamua kujenga chumba bustanini. Mawe aliyakataa, na kwake hilo lilikuwa kama kumkana baba. Akasimamisha fremu, akapiga mbao nje na ndani, katikati akashindilia maranda makavu kutoka kwa seremala, maana maranda hushika joto. Hapo alipatia. Lakini mazoea yana taabu. Ukuta mwepesi hakuuamini. Akauvika nailoni pande zote mbili, akapigilia wavu kwa misumari, juu yake akapaka plasta ya saruji.

Nikamwuliza, "Shemeji, umejenga chumba au umefunga kifurushi?"

"Shemeji, wewe mwandalie mgonjwa kitanda. Humu upepo hauingii hata ukibisha hodi."

Kweli haukuingia. Mdogo wangu akahamia, na wiki ya kwanza alikohoa kidogo mno hata tukaanza kucheka tena. Wiki ya tatu kuta zikatoka jasho, harufu ya uvundo ikajaa, na kikohozi kikarudi na damu. Tukamrudisha kwenye nyumba ya mawe, maana hatukuwa na pengine. Daktari akaja, akamsikiliza kifua, akatutazama, akatoka bila kusema amebakiwa na wiki ngapi.

Timazi akachukua tindo, akatoboa ukuta. Maranda yakaporomoka meusi, yameloa. Maji ya plasta mbichi yalikuwa yamepenya kwenye matundu ya misumari, na nailoni ikayazuia yasitoke. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miaka arobaini namjua, sikuwahi kumwona amekaa kazini.

Binti yao, mshona magodoro, akaingiza mkono kwenye tundu, akanusa vidole.

"Baba, hata godoro tukilifunga nailoni likiwa na unyevu, huoza. Sisi huanika sufi kwanza, halafu tunaivisha kitambaa kinachopitisha hewa."

"Yaani ukoo mzima wa waashi, tumeshindwa na godoro."

"Hamjashindwa. Hamkuuliza."

Nilidhani atafoka. Kutoka ndani ya nyumba tulimsikia mdogo wangu akikohoa, kirefu, kisha kimya, nasi sote tukangoja kikohozi kingine ili tujue yupo. Kikaja.

Timazi akainuka, akampa binti ile tindo.

"Nikiachiwa mimi nitapaka plasta tena, najijua. Bomoa wewe, na cha kujaza humo chagua wewe. Saruji usinipe hata nikikuomba. Anza na ukuta wa upande wa kitanda. Mama yako hana wiki sita nyingine."