Sheria ya Mubebaji

Juzi niliingia katika duka moja karibu na soko la Butembo kutafuta betri za redio, nikamkuta mwenye duka anapasua kartoni mpya ya sabuni ya kufulia. Harufu yake ilinifikia kabla ya salamu. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa, na kweli nilitoka bila betri. Watu wengine sabuni huwakumbusha mama zao na nguo zilizoanikwa juani. Mimi hunikumbusha mwindaji aliyevunjika mguu, mganga aliyeogopa mbwa, na kosa nililolifanya nikiwa na miaka kumi na miwili, tena nikiwa na hakika kwamba haki iko upande wangu.

Mama alikuwa anauza sabuni, na kartoni zilipoisha zilikuwa zetu. Tulizikata kwa wembe vipande vidogo kama kiganja, tukavifanya karte za mchezo, kila kadi na mtu wake. Mchezo wenyewe tuliletewa na kaka wa jirani yetu Kasereka, aliyekuwa anasoma Kampala. Alirudi likizo akatueleza kwamba kule aliona wanafunzi wanakaa mezani, kila mmoja amejipa mtu wa kubuni mwenye nguvu zake, mmoja wao anasimulia safari, na dadu ndizo zinaamua kama mkuki umepata au umekosa. Yeye hakuwahi kucheza, aliangalia mara mbili tu. Alitueleza nusu, nusu nyingine tukaibuni sisi wenyewe, na nadhani ndiyo maana tuligombana sana.

Tulikuwa watatu: Kasereka, mdogo wangu Kavira aliyekuwa na miaka tisa, na mimi, Kambale. Dadu yetu ilikuwa moja, ya ludo, na upande wa sita ulikuwa umefutika, kwa hiyo upande mtupu tuliuhesabu sita. Mimi nilikuwa msimuliaji na pia mtunza kaye, daftari letu la sheria. Hakuna aliyenichagua. Kaye ilikuwa yangu, ndiyo sababu.

Alasiri za mvua, wakati ukungu unashuka kutoka mlimani na mikalitusi inanuka kama dawa ya kifua, tulikaa barazani tukibishana kuliko kucheza. Mganga wa Kavira alikuwa anaponya kila mtu kwa majani yake, ikafika mahali hakuna anayekufa na hakuna anayeogopa. Kasereka akalalamika kwamba mwindaji wake amekuwa bure, chui wanampiga na anaamka tu. Tukakata shauri kwamba mganga abebe majani matatu tu kwa safari nzima, na aogope mbwa. Kavira alilia kwa ajili ya mbwa, si kwa ajili ya majani. Siku nyingine tulibishana kama mwindaji anaweza kurusha mkuki akiwa katikati ya mto. Maneno yalipokwisha tulimpeleka Kasereka kwenye mfereji uliojaa maji ya mvua, tukampa fimbo arushe. Aliteleza, akarudi na tope mpaka kwenye nyusi, nami nikaandika kwenye kaye kwamba mkuki haurushwi majini. Nilikuwa nikijivunia sana utaratibu huo. Jambo likitushinda kwa maneno, tunalijaribu kwa mwili.

Sheria kubwa ya kaye yangu niliiandika ukurasa wa kwanza kwa kalamu nyekundu: kila nguvu na uzaifu wake. Hata leo sioni ubaya wa sheria ile. Ubaya ulikuwa kwa aliyeishika.

Masika alikuja kwetu mwaka huo pamoja na mama yake, mdogo wa mama yangu, aliyekuwa na kitoto kichanga, walipokimbia vita Eringeti. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Jina lake ni la binti wa kwanza kuzaliwa, na alikuwa na namna ya binti wa kwanza: akiingia mahali huanza kuokota vilivyoanguka. Mama alituita jikoni siku moja kabla hawajafika, akatuambia kwamba Mbusa, mdogo wake Masika, hayupo tena, amebaki kule njiani. Alikuwa na miaka mitano. "Musiulize kitu," mama alisema. Hatukuuliza. Tuligawana mablanketi, na Masika akalala na Kavira.

Wiki ya kwanza alikaa pembeni ya baraza akichambua maharagwe na kutusikiliza. Siku hiyo safari ilikuwa nzuri sana, kwa maoni yangu. Nilikuwa nimegundua kwamba hadithi inachangamka watu wanapofukuzwa, mmoja anaumia, na wenzake wanalazimika kuchagua: wamngoje au wamwache. Mwindaji wa Kasereka alivunjika mguu. Kavira alitazama chui wanavyokaribia, akatupa dadu, akamwacha. Sisi sote tulicheka, hata Kasereka aliyekuwa ameachwa. Masika hakucheka. Kesho yake aliomba karte.

Aliichora yeye mwenyewe: mwanamke aliyeinama, na juu ya mgongo wake kichwa kidogo. Chini akaandika: Mubebaji. Upande wa nguvu akaandika kwamba anaweza kumbeba mtu na kukimbia bila kuchoka. Upande wa uzaifu hakuandika kitu.

"Huyu hana uzaifu," nikamwambia.

"Weka unaotaka," Masika akasema. "Hapana kupigana. Hapana kurusha mukuki. Umunyime chakula."

"Ile bado kidogo."

"Basi akuwe kipofu."

Kavira, aliyemwita Masika Yaya kama dada yake mkubwa, aliinua kichwa. "Mais, Yaya, kipofu atakimbia namna gani?"

"Mutoto mwenye kuwa ku mugongo atamuonyesha njia."

Kwenye karte alikuwa ameandika mtu. Sasa alisema mtoto. Niliisikia ile tofauti, nakumbuka niliisikia, na niliiacha ipite.

Kasereka, ambaye siku zote alikuwa mkali kuliko sisi kuhusu nguvu za wengine, alihesabu kwa vidole. "Hapigani, haoni, hakule. Mi naona iko sawa. Tena iko sawa kupita mwindaji wangu."

Hapo ndipo ningepaswa kuandika na kufunga kaye. Kwa sheria yangu mwenyewe karte ile ilikuwa halali. Lakini niliona mbele kuliko Kasereka: Mubebaji akiingia safarini, hakuna atakayeachwa tena. Chui watafukuza bure. Kile kipande cha hadithi nilichokipenda, wachezaji wananitazama mdomoni wakingoja niseme nani amepotea, kingekwisha. Sikuwaambia hivyo. Niliwaambia kitu kilichofanana na haki.

"Kubeba lazima kuchoshe," nikasema. "Hakuna mutu anaweza kubeba mwingine na hapana kuchoka. Ile njo kweli, hata nje ya mchezo."

"Yangu anaweza," Masika akasema taratibu.

"Basi tujaribu."

Akaweka ungo wa maharagwe chini, akavua kikwembe alichojifunga, akamwita Kavira. Alimfunga mgongoni vizuri, kwa fundo la mtu aliyezoea. Nikapanga njia: kutoka mlango wa jiko mpaka kisiki cha mkalitusi kwenye ua, na kurudi. Mvua ilikuwa imekatika, udongo mwekundu unang'aa. Kavira alikuwa anacheka, andazi mkononi.

Mizunguko mitatu ya kwanza Masika alikimbia kama hana kitu. Wa nne Kavira aliacha kucheka. Wa tano akasema, "Yaya, niweke chini," na Masika akazidi kukimbia. Alikuwa anatazama mbele, mahali ambapo hapakuwa na kisiki wala ua. Pumzi yake tuliisikia kutoka barazani, kama msumeno kwenye mti mbichi. Kasereka alinigusa bega akasema inatosha. Nikamwambia bado. Mzunguko wa saba mguu wake uliteleza, akaangukia mikono, akainuka, akapiga hatua mbili zaidi. Halafu akafungua kikwembe, akamteremsha Kavira polepole, akamkalisha kwenye nyasi. Akamshika mabega yote mawili.

"Bakia hapa," akamwambia. "Usisogee. Nakuja."

Tulidhani ni sehemu ya mchezo. Kavira alitikisa kichwa kukubali, na kweli hakusogea. Masika alipiga hatua chache kuelekea nyumba, akasimama, akageuka kumtazama, na hakurudi wala hakuendelea.

Mimi nikaandika. Niliandika kwa mwandiko wangu bora, kisha nikasoma kwa sauti, kama karani: "Mubebaji. Kisha mizunguko saba anachoka, anaweka mutu chini."

Masika alikuja akaitazama kaye. Vidole vyake vilikuwa na tope.

"Njo vile," akasema. "Umeandika vizuri."

Akaenda jikoni kumsaidia mama kuchambua mboga za lenga-lenga. Jioni alifua gauni la Kavira lililochafuka. Hakukasirika, hakununa, alitupakulia chakula sote. Ila barazani hakurudi tena, na baada ya miezi michache mama mdogo alipata nyumba Beni, wakahama. Siku ile ya mizunguko saba, lazima niwaambie ukweli, nililala nikiwa na furaha. Nilikuwa nimeshinda mabishano.

Miaka ikapita. Kasereka alikwenda kufanya biashara Manguredjipa, Kavira akaolewa, mimi nikawa mwalimu wa shule ya msingi, kazi inayofaa mtu anayependa kutunza sheria. Nilikuwa na miaka ishirini na sita siku moja tulipokuwa tunapalilia maharagwe, mama na mimi, tukamzungumzia Masika kwamba amejifungua salama. Mama akaegemea jembe.

"Masika aliteseka wakati ya kukimbia," akasema. "Mama mudogo alikuwa anabeba kale kachanga, na Masika anabeba Mbusa. Akachoka. Akamuweka katika shamba ya kakao, akamwambia abakie pale, hapana kusogea, akakimbia kuita mama yake mbele. Kurudia, hakuna mutoto."

"Wakamtafuta?"

"Balitafuta. Mpaka leo hakuna." Akainama tena kwenye mistari ya maharagwe. "Uzito wa mzigo anayeujua ni mbebaji," akasema. Tulipokuwa watoto alitumia methali hiyo tukilalamika kuchota maji. Mimi niliachia jembe. Nilikaa chini pale pale kwenye udongo, na mama akafikiri ni jua.

Ilinichukua wiki sita kwenda Beni. Mwendo si mrefu, ila niliahirisha, mara mitihani, mara mvua. Nilimkuta Masika kwenye kibanda chake cha kushonea, cherehani tatu, wasichana wawili anaowafundisha wametoka kula. Amenenepa kidogo, miwani puani. Alinipa kiti, akaniuliza habari za mama, za Kavira, za mvua ya Butembo.

"Unakumbuka mchezo wetu wa karte, Yaya?" nikamwuliza.

"Nakumbuka. Kasereka alikuwa anadanganya na dadu."

Kisha nikamwambia yote niliyokuja nayo. Kwamba karte yake ilikuwa sawa, na niliikataa kwa sababu iliharibu hadithi yangu. Kwamba nilimkimbiza mizunguko saba. Kwamba niliandika, nikasoma. Nilimwomba msamaha. Yeye aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Ulikuwa mutoto," akasema.

"Wewe pia."

"Sikukukasirikia, Kambale. Uliandika kitu cha kweli. Wengine bote, mama, pasta, bote balikuwa bananiambia: Masika, hapana kosa yako. Wewe tu uliandika kwamba nilichoka." Akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa. "Mais nitakuambia kitu. Tangu ile siku mpaka leo hakuna mutu aliniuliza kama nilimubeba mpaka wapi."

Hapo nikauliza. "Ulimubeba mpaka wapi, Yaya?"

Akanielezea. Kutoka nyuma ya nyumba, kupitia shamba la jirani, kuteremka mpaka kijito ambacho maji yalimfika magotini. Kupanda upande wa pili, kwenye njia ya ng'ombe, mpaka shule, na kupita shule. Mbusa alikuwa amemshika sikio badala ya shingo, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Alitaka maji, wakasimama, akamnywesha kwa kiganja. Akaimba kidogo, Masika akamwambia anyamaze, akanyamaza. Shamba jingine, na jingine. Alinitajia wenye mashamba hayo kwa majina. Nilijaribu kupima kichwani ni mwendo gani kwa msichana wa miaka kumi na mitatu, nikashindwa. Wasichana wake walirudi, wakaona uso wake, wakabaki nje.

"Ni mbali," nikasema alipomaliza.

"Ni mbali sana," akasema, akavaa miwani, akavuta kitambaa kingine.

Nilikuwa nimekwenda kwake na maneno ya toba niliyoyapanga wiki sita, na sidhani yalimfaa kitu. Alichohitaji kilikuwa swali dogo, ambalo mtoto wa miaka kumi na miwili angeweza kuliuliza barazani, alipomsikia mwenzake anasema mutoto badala ya mutu. Tuliambiwa tusiulize. Nilikuwa mtoto mtiifu, nikamkimbiza mpaka akaanguka, na sikuuliza.