Ufa Uliopakwa Chokaa

Nyumba niliyokuwa nikiinunua Msambweni ilikuwa na ufa unaoingia kiganja, na kampuni ya bima ikamtuma mkaguzi auone. Bibi aliyekuwa akiiuza, aliposikia kuna mgeni, akauziba ufa kwa saruji na kuupaka ukuta wote chokaa, kama afanyavyo kila Idi.

“Bibi, mbona umeuficha?” nilimuuliza, hasira zimenipanda.

“Mjukuu wangu, mgeni apokelewe na ukuta uliopasuka?”

Nikamwambia mkaguzi kwamba ufa upo, nyuma ya chokaa. Akamaliza mahamri aliyoandaliwa, akanijibu, “Mimi huandika ninachokiona.” Akaandika kwamba ukuta ni mzima.

Bima nimekata. Ila mpaka leo sijui nimeikatia nyumba au nimeikatia chokaa.