Saa ya Swala, Seva Tano

Mwanne ana miaka thelathini na moja, shahada moja, na mtambo ambao hakuna anayeutaja mpaka ulale. Kazi ya mtambo ni kugawa programu za oda za maduka arobaini ya vitambaa ya Kariakoo kwenye seva tano. Seva moja ikizima, nyingine zinabeba. Mwezi Machi zote zilizima kwa saa tatu. Mzee Azzan, mwenye kampuni ya mtambo huo, akatamka: ukilala tena, maduka yanarudi kwenye daftari, na Mwanne atafute kazi kwingine.

Sasa toleo la programu inayoendesha mtambo lilikuwa limezeeka. Ilibidi kulipandisha, na Mwanne akaenda kumweleza mzee.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Si ubonyeze tu, mwanangu? Simu yangu inajipandisha yenyewe.”

“Tuko matoleo matatu nyuma, na hairuhusiwi kuruka. Tunapanda moja moja, seva moja moja. Na bakapu, nakala ya akiba, nimeshajaribu kuirudisha.”

“Basi Ijumaa ya wiki ijayo, saa ya swala. Mageti yote yako chini.”

Lilikuwa wazo la kwanza la kiufundi kutoka kwa mzee, na lilikuwa na akili. Mwanne akaandika mpango wa kurasa kumi na moja. Kisha, kwa kuwa haamini hata akili nzuri, akafungua kumbukumbu za mtambo. Saa ya swala ya Ijumaa ilikuwa na oda mara tisa ya saa nyingine yoyote ya wiki.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo akaenda Mtaa wa Narung’ombe, akainama chini ya geti la duka. Pantaleo, muuzaji, alikuwa na daftari pajani, anachapa.

“Unafanya nini?”

“Naingiza oda, dada. Za toka Jumamosi.”

“Si una mfumo hapo kila siku?”

“Ninao. Mteja kasimama, mwingine anavuta kitenge, mimi nitazame kioo? Bosi akienda kuswali, sisi tusioswali Ijumaa tunaingiza zote. Mtaa mzima hivyo.”

“Miaka minne tangu tuuweke, hivyo hivyo?”

“Hukuuliza, dada.”

Mwanne akachana kurasa zote kumi na moja. Jumanne saa nne asubuhi, barabara ikiwa imefungwa kwa mikokoteni na hakuna muuzaji anayegusa mfumo, alihamisha kazi kutoka seva ya kwanza, akaipandisha, akasubiri itulie, akaenda ya pili. Hadi jioni, matoleo matatu. Hakuna duka lililogundua. Akamtumia mzee ujumbe mrefu. Mzee akajibu kwa kidole gumba.

Ila mzee alikuwa ameshatangaza kwenye grupu la maduka kwamba Ijumaa, saa ya swala, mtu asiguse mfumo. Hakuugusa mtu. Pantaleo alienda kula, oda za wiki zikabaki daftarini. Jumamosi hakuna mzigo uliotoka kwenda mikoani, na mzee akapanda ngazi akihema.

“Mtambo umelala tena!”

Mwanne akamwonyesha: seva tano macho, oda sifuri. “Uliwakataza wewe, mzee. Ujumbe wangu wa Jumanne hukuusoma.”

Mzee akamsogezea simu yake, grupu la maduka likiwa wazi.

“Andika tangazo,” alisema. “Tunaomba radhi kwa hitilafu ya mtambo.”

“Haukuwa na hitilafu.”

“Kazi unaitaka?”

Akaandika.