Vina Vyangu, Swali la Concessa

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa wembe. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi, nimevaa shati la kuazima, nikidhani fundi wa redio hupewa bisibisi na nyaya. Mkuu wa ufundi, mtu mnene aliyetembea polepole kana kwamba sakafu yote ni mali yake, aliniketisha mbele ya mashine ya kurekodia na kunionyesha utepe wa sumaku ukizunguka kutoka gurudumu la kushoto kwenda la kulia.

"We kijana, huu wembe hauko wa ndevu," aliniambia. "Mutu akikohoa, unakata. Akirudia neno, unakata. Lakini unakata kimya tu. Usikate mutu."

Ninyi mnaohariri sauti kwa kompyuta hamjui raha na taabu ya kazi ile. Ulizungusha magurudumu kwa mkono, mbele na nyuma, mpaka sikio likupe mahali neno linapoanzia. Ukatia alama kwa kalamu nyeupe ya nta, ukalaza utepe kwenye kibao chenye mfereji, ukakata mshazari. Tulikata mshazari kwa sababu ukikata wima, maungo hulia "tap" hewani na msikilizaji anashtuka. Kisha ulibandika vipande viwili kwa karatasi yenye gundi na kupitisha ukucha juu yake. Sisi Bujumbura tuliita kazi hiyo montaji, na kwa miaka kadhaa niliamini kwamba hakuna sauti ya binadamu isiyoweza kukatwa.

Vita vilipoanza mwaka wa tisini na tatu nilikuwa bado kwenye kiti hicho. Mji uligawanyika mtaa kwa mtaa. Musaga nilikokaa mimi walibaki Watutsi, na mimi ni mmoja wao; Kamenge na Kinama wakabaki Wahutu. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ulikataa kugawanyika. Huko watu wa kila upande waliendelea kununua vitumbua kwenye sinia moja. Nalitaja hili mapema kwa sababu bila Buyenzi nisingekuwa na la kusimulia.

Mdogo wangu Fidèle alikuwa dereva wa lori la depo moja katika mtaa wa viwanda. Asubuhi moja alipelekwa upande wa Kinama kushusha sabuni. Lori lilionekana baadaye. Yeye hakuonekana, na mtu wa depo alituambia tu kwamba damu ilikuwa kwenye kiti. Nilirudi kazini wiki ileile. Nilikata vikohozi vya mawaziri kama kawaida, na hakuna aliyejua kwamba nyumbani nilikuwa siongei.

Wakati huo mkuu wa vipindi alikuwa mwanamama mwenye miwani shingoni, mkali wa saa. Alileta utepe wa shairi la Kiswahili lililosomwa na mwalimu mmoja mstaafu wa Buyenzi, Mwalimu Zaituni. Lilikuwa refu kuliko nafasi yake kabla ya habari.

"Anselme, punguza kidogo. Toa mistari miwili, mitatu, popote."

Nikakaa na wembe. Nilijaribu kuondoa mstari wa tatu; sikio likakataa. Nikajaribu nusu ya mstari wa pili. Ikawa kama mtu anayepanda ngazi gizani na kukosa kipandio. Sikuwa nimeelewa hata nusu ya maneno, maana Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni, lakini kila nilipogusa palionekana pengo. Nikarudi kwa mkuu, ambaye sote tulimwita Chef.

"Chef, hili halikatiki."

"Halikatiki namna gani? Hotuba ya waziri inakatika!"

"Ndilo hilo ninalotaka kujua."

Alinitazama, akavaa miwani, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Basi kata muziki. Na ukishajua, uje uniambie na mimi."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Buyenzi. Mwalimu Zaituni alikuwa sebuleni, anachambua mchele kwenye ungo, na wanafunzi wake wanne wamekaa kwenye mkeka. Nilipomweleza shida yangu aliacha mchele.

"Umesikia pengo bila kujua maana?" aliuliza. "Keti, mwanangu. Wengine hunichukua mwaka mzima kuwafikisha hapo."

Ndivyo nilivyokuwa mwanafunzi, mtu mzima mwenye mke na watoto. Alinifundisha kwamba mstari wa shairi hupimwa kwa silabi, ambazo washairi huziita mizani. Nane upande huu na nane upande ule. Alinifundisha vina, yaani silabi zinazofanana katikati na mwishoni mwa kila mstari, na ubeti, kifungu cha mistari hiyo. Tulihesabu kwa vidole huku yeye akitupa mawe ya mchele mlangoni. Nilikuwa na maswali mengi kuliko wenzangu wote. Kwa nini nane? Kwa nini kina cha kati? Nani aliamua? Mara nyingine alijibu, mara nyingine alisema, "Sijui, tafuta," na hayo ndiyo majibu yaliyonipeleka mbali zaidi. Kwenye basi la Musaga nilianza kuhesabu mizani ya makondakta.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwapo Concessa, binti wa Kinama aliyepanga masanduku kwenye ghala la kahawa. Alikuwa na sauti ndogo na macho yasiyokwepa. Tulisalimiana, basi. Sikumwuliza lolote juu ya kwao, naye hakuniuliza juu ya kwetu.

Siku moja Mwalimu alitutaka kila mmoja alete ubeti juu ya jambo alilolibeba. Mimi nilisoma huu:

Ndugu yangu wa Musaga, alitoka hakurudi,
Hakuketi, hakuaga, asubuhi ya baridi,
Wao hao wakamwaga, damu yake makusudi,
Sitapiga nao soga, waje hata na zawadi.

Nilikuwa nimeupima mpaka nikaridhika. Mwalimu aliweka ungo chini.

"Mizani imetimia na vina vimetulia," alisema. "Pole sana kwa ndugu yako. Sasa niambie, 'wao hao' ni nani?"

"Mwalimu, wewe unajua."

"Mimi sijui. Uliwaona?"

"Sikuwaona."

"Basi hapo hukutunga, mwanangu. Hapo umeziba pengo tu."

Nilikasirika. Nilitaka kuondoka, na ningeondoka kama Concessa asingenyanyua mkono. Alisema, "Mwalimu, mi nataka kumujibu." Katika ushairi wetu kujibizana ni desturi ya zamani: anayejibu hufuata vina vilevile vya mwenzake, la sivyo hajajibu. Mwalimu akampa wiki moja.

Jumamosi iliyofuata alisimama, akasoma akinitazama mimi:

Nami kwetu tuna woga, tangu baba hakurudi,
Mama humwekea mboga, zimepoa kwa baridi,
Alipitia Musaga, nani wenu ni shahidi?
Nijibu, tuache soga, neno lako ni zawadi.

Baba yake alikuwa mwashi. Alipata kazi ya ujenzi kusini, akachukua mwiko na timazi yake, ile kamba yenye kizito cha shaba ya kunyooshea ukuta, akapanda gari la kusini. Barabara hiyo hupita Musaga, na siku hiyo vijana wa mtaani kwetu walikuwa wameifunga.

Siku hiyo niliikumbuka. Nilikuwa nimefunga mlango na kuongeza sauti ya redio.

"Sheria ni ileile," Mwalimu aliniambia kwa upole. "Ameuliza kwa vina vyako. Utajibu kwa vina hivyohivyo. Lakini hutaweza kujibu usilolijua."

Sasa fikirieni, vijana. Kuuliza Musaga, miaka ile, juu ya Mhutu aliyetoweka. Nilianza kwa kinyozi wangu. Mkasi wake ulisimama, kisha akazungumzia bei ya sukari. Nikamwuliza fundi wa viatu. Alisema hakuwepo, kabla sijamtajia siku. Njiani kurudi nyumbani kijana mmoja niliyemjua tangu akiwa mtoto alinizuia.

"Mzee Anselme, tunasikia unatafuta maiti za watu. Ya kwenu umesahau?"

"Sijaisahau. Ndiyo maana natafuta."

"Acha," alisema, akanipisha njia.

Mke wangu aliniomba niache pia. Nilimwambia nitaacha, na kwa kweli nilikusudia hivyo. Lakini kesho yake, nilipokuwa nasubiri gari, Bibi Régine aliyeuza makaa karibu na kituo aliniita kana kwamba nimesahau kuchukua chenji. Akajifanya ananipimia makaa.

"Ni ule mwashi?" aliuliza bila kuinua uso. "Mwenye koti la kahawia?"

Nikasema sijui koti, najua timazi. Aliingia ndani, akarudi na kopo lililojaa vumbi la makaa, akanisogezea. Ndani kulikuwa na kizito cha shaba na kamba yake.

"Walimuacha barabarani kama mbwa," alisema. "Mi nilikuwa na kitenge kipya, cha maua ya waridi. Nilimufunika, nikaomba watu wawili, tukamuzika kwenye mikaratusi. Nikasali. Sikujua jina yake, nikasema tu 'huyu'. Ana watoto?"

"Ana binti."

"Mwambie hakulala inje."

Nililia pale kituoni, na kopo lile la makaa mkononi. Nilikuwa sijalia tangu Fidèle apotee, na hata leo siwezi kusema nilikuwa namlilia nani.

Ubeti wangu wa pili ulikuja haraka, isipokuwa mstari wa pili. Huo ulinichukua siku nyingi, kwa sababu ya neno moja tu, 'wetu'. Jumamosi nilisimama mbele ya Concessa nikasoma:

Nimeuliza Musaga, mimi sasa ni shahidi,
Ni wetu waliomwaga, damu yake makusudi,
Kuna bibi kamuaga, kwa kitenge cha waridi,
Mama asipike mboga, baba yako hatarudi.

Nikampa timazi. Aliizungushia kamba kidoleni, akaiacha ining'inie, akaitazama mpaka ikaacha kuyumba. Ungo wa Mwalimu ulikuwa umelala chini, mchele umemwagika na hakuna aliyeuokota.

"Asante, kaka Anselme," Concessa alisema hatimaye. "Sasa na mimi nitauliza kwetu."

Habari ilimfikia mkuu wa vipindi, kwa sababu mimi mwenyewe nilimpelekea jibu alilonidai: kwamba shairi halikatiki kwa kuwa kila kipande kinakishikilia kingine. Nikamsomea zile beti tatu kama mfano. Alivua miwani.

"Hii lazima itoke hewani," alisema. Kisha, baada ya kufikiri: "Na ikitoka, Anselme, kesho yake utalala wapi?"

Nilikuwa tayari kuondoka Musaga, nawaambia kweli. Nilimwuliza Concessa. Alitikisa kichwa.

"Apana, kaka. Mi niliuliza we. Sikuuliza redio."

Hazikutangazwa. Nilikuwa fundi wa sauti, niliyeamini kwamba jambo lisilorekodiwa limepotea, na binti huyu alinifundisha kwamba kuna maneno ambayo yakishamfikia mwenyewe yamefika.

Baadaye nilihamishiwa kitengo cha kurekodi nje, nikabeba mashine begani mpaka kambi za wakimbizi na ofisi za tarafa. Mkuu mpya aliniuliza mbona mahojiano yangu ni marefu. Nilimjibu kwamba nimeacha kukata kimya cha watu, maana mara nyingi jibu limo humo. Alilalamika, lakini aliyatumia. Usiku nilisoma, mchana niliandika beti nyuma ya karatasi za ratiba; baadhi zilisomwa hewani kwa jina langu, na Mwalimu Zaituni alinipigia simu kukosoa mizani mpaka mwaka aliofariki.

Vita vilipotulia na barabara zikafunguka, Concessa alimleta mama yake Musaga. Bibi Régine, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, aliwaongoza hadi kwenye mikaratusi. Wale wanawake wawili walikaa chini, wakaongea Kirundi kwa sauti ndogo muda mrefu. Mimi na Concessa tulisimama mbali. Kabla ya kuondoka, mama alimwambia Bibi Régine jina la mumewe, na Bibi Régine akalirudia mara kadhaa ili asilisahau katika sala.

Upande wangu mambo hayakwenda hivyo. Concessa aliuliza Kinama mwaka baada ya mwaka. Alifukuzwa kwenye nyumba mbili, akatishwa mara moja, na hakuacha. "Wananyamaza, kaka," huniambia. Anaumia kuliko mimi anaposema hivyo.

Nilipostaafu, wenzangu walinipa saa ya ukutani na hotuba ndefu ambayo, kwa mazoea, nilitafuta mahali pa kuikata. Sasa nina muda. Watu huniuliza ushairi ulinipa nini, kwa kuwa nyumba haukunijengea. Kabla ya kuusoma nilikuwa na jibu moja kubwa, 'wao hao', na jibu hilo lilikuwa limenifungia ndani, nimeongeza sauti ya redio. Ushairi uliniondolea jibu, ukaniachia swali, na swali limenitoa nje, limenikalisha kwenye mikeka ya watu ambao nisingewajua kamwe.

Wiki hii Concessa amenipigia simu. Kuna mzee Kinama, zamani alikuwa akitengeneza baiskeli karibu na mahali malori ya depo ya Fidèle yaliposhusha bidhaa. Amesema anakumbuka mengi, ila hapendi kuharakishwa. Jumamosi nitakwenda. Nitaanza kwa kumwuliza habari za baiskeli.